Nani Aliyemfungulia Jasusi Mlango?

Tuchukue kisa kimoja cha aina ninazozisikia mara kwa mara. Mwanachuo wa mwaka wa pili anaamka na kukuta akaunti yake ya Instagram inatangaza kwamba ukiweka laki moja utapata laki tano ndani ya saa tatu. Rafiki zake wawili wameshatuma pesa. Barua pepe yake haifunguki, nywila imebadilishwa usiku. Kompyuta ya mwisho aliyoitumia ni ya steshenari iliyo mbele ya geti la chuo, kwa hiyo anakwenda huko moja kwa moja, hata chai hajanywa.

Watu wanne wanaozungumza hapa nimewakusanya mimi. Sikuwakuta siku moja wala duka moja. Nimewasikia kwa miaka, kwenye steshenari, kwenye benchi za mafundi, kwenye ofisi za watu wenye shahada. Nimewaweka chumba kimoja kwa sababu wamezoea kulaumiana kila mmoja akiwa kwake. Mimi nina upande wangu katika ugomvi huu, na sitauficha.

MWANACHUO: Shikamoo mama.

MAMA: Marahaba baba. Mbona mapema, unataka kopi?

MWANACHUO: Sitaki kopi, mama. Juzi nilikaa kwenye mashine yako ile ya dirishani, nikachapa kazi yangu, nikafungua barua pepe. Leo kila nilicho nacho kiko mikononi mwa watu. Kompyuta yako ina jasusi.

MAMA: Kompyuta yangu? Hiyo fundi kaipiga Windows upya mwezi uliopita. Haigandi, haileti matangazo, inawaka haraka kuliko ya ofisi ya kata. Ingekuwa na virusi ningejua.

Mama anakosea hapa, na wengi tunakosea pamoja naye. Virusi wa zamani walipenda kujitangaza: mashine inazimika, faili zinapotea, skrini inajaa uchafu. Programu ya kijasusi haina haja na fujo hizo. Kazi yake ni kusoma vibonye unavyobonyeza, kuchota nywila ulizozihifadhi kwenye kivinjari, kupiga picha ya skrini, mara nyingine kuwasha kamera, na kupeleka yote kwa mtu usiyemjua. Mashine ikiganda, jasusi anapata hasara. Kwa hiyo kompyuta inayokwenda vizuri si ushahidi wa usalama hata kidogo.

Fundi amepigiwa simu, amefika na begi lake. Mwalimu wa TEHAMA wa sekondari ya jirani alikuwa amekuja kuchapa mitihani, naye ameacha karatasi zake kwenye printa.

FUNDI: Mama asisumbuliwe. Kazi niliifanya mimi. Tatizo la hapa ni flashi. Wanafunzi kibao kwa siku, kila mmoja anachomeka ya kwake, wengine wametoka nayo huko hosteli imejaa uchafu. Utamlinda nani?

MWALIMU: Fundi, flashi ina makosa yake, lakini hili unaisingizia. Ule ugonjwa wa flashi kujiendesha yenyewe ukiichomeka tu, Microsoft waliuzima kuanzia Windows 7, na Februari 2011 wakasambaza sasisho la kuuzima hata kwenye XP na Vista. Leo flashi ikileta kitu, kwa kawaida lazima mtu akibofye. Ile folda iliyogeuka njia ya mkato, mtu anaibofya akidhani ni kazi yake. Tuitazame mashine kwanza kabla ya kutafuta mchawi.

Anavuta kiti. Pembeni ya saa, chini kulia, kuna ngao ndogo yenye alama nyekundu. Anaibofya. Ulinzi wa muda wote: umezimwa. Anashuka taratibu kwenye mipangilio mpaka kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender imeamriwa isivikague. Orodha ina mstari mmoja tu: C:\. Yaani diski nzima. Mlinzi aliyekuja bure pamoja na Windows yupo, anakula mshahara wake wa umeme, na ameambiwa asitazame chumba hata kimoja.

MAMA: Hiyo maana yake nini?

FUNDI: Mama, niliweka Office. Ile kraki yake haikubali Defender ikiwa hai. Maelekezo yenyewe yanasema uizime kwanza. Nikiiwasha tena inaifuta kraki, Office inaanza kudai leseni, na wewe unanipigia simu saa nne usiku kwamba nimekuuzia kitu kibovu.

MWALIMU: Umemfunga mbwa mdomo ili mgeni apite, na mgeni umemwokota barabarani. Hiyo kraki uliipata wapi?

FUNDI: Mtandaoni. Kila fundi anaitumia.

MWALIMU: Kila fundi anatumia kitu chenye jina hilo. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi watu waliokuwa wakitafuta KMSPico, kifaa cha kufungua Windows na Office bila leseni, walivyokuwa wakipakua faili iliyobeba Cryptbot ndani yake. Ukiiendesha, kraki inafanya kazi, Office inafunguka, unafurahi. Na Cryptbot nayo inafanya kazi yake: inachota nywila za kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Aliyetengeneza mtego ule alijua jambo moja tu kukuhusu: kwamba utazima ulinzi kwa mkono wako, na hutashtuka ukiambiwa uuzime.

FUNDI: Sawa. Sasa nisikilize na mimi. Mama alinipa elfu ishirini. Kwa elfu ishirini anataka Windows, Office, programu ya kutengenezea kadi za harusi, na kazi iishe jioni. Bei ya leseni halali ya Office peke yake inamaliza kopi zake za wiki ngapi? Kopi moja anatoza shilingi mia. Ninyi mnaokaa kwenye ofisi zenye leseni mnatuambia tusitumie kraki, halafu mnaondoka bila kutuachia kitu. Na hizo za halali zina usalama gani? Mwaka 2017 CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, ilitolewa kwenye tovuti yake yenyewe ikiwa na sumu ndani. Watu zaidi ya milioni mbili waliipakua, na hawakuiba kitu.

Hoja hii ya fundi ndiyo nzito kuliko zote zilizosemwa chumbani, na nimechoka kusikia ikijibiwa kwa mahubiri. Fundi hajakosea kuhusu CCleaner. Hajakosea kuhusu bei. Mtu anayepata faida ya mia mia hawezi kuambiwa anunue kila kitu kwa bei iliyopangwa kwa ajili ya mshahara wa Seattle. Lakini anapodhani kwamba njia ni mbili tu, kununua au kuiba, hapo namkatalia.

MWALIMU: Siwezi kukupinga kuhusu bei. Ila LibreOffice ni ya bure, halali, na haina kraki kwa sababu hakuna kufuli la kuvunja. Na jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure kwa Kiswahili. Miaka ishirini na zaidi! Sisi tukaendelea kuzunguka na kraki kwenye flashi.

FUNDI: Wateja wanaleta faili za Word. Ukizifungua na LibreOffice jedwali linahama, yaliyomo yanavurugika. Mwanafunzi anakwenda kuwasilisha utafiti wake kesho, nimwambie nini?

MWALIMU: Hapo una haki, huwa inatokea. Kwa faili kama hiyo, Word ya kwenye kivinjari ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft. Haina kila kitu, lakini inafungua, inarekebisha, inachapa. Kazi nyingi za dukani hapa ni barua, wasifu na fomu. Hizo LibreOffice inazimaliza.

MWANACHUO: Mnazungumza kraki, mimi akaunti yangu imekwenda. Na jamani, mimi ni mwanafunzi tu. Nilikuwa nasema sina kitu cha kuibiwa.

FUNDI: Na kweli huna. Hawa wanaofuatiliwa ni wakubwa. Na wakikutaka watakupata tu, ujilinde usijilinde. Mwaka 2015 shirika la Privacy International la London lilitoa ripoti kuhusu Uganda, kwamba idara ya upelelezi ya jeshi ilinunua programu ya kijasusi ya FinFisher na kuiita operesheni yake Fungua Macho. Wapinzani, waandishi, mpaka Wi-Fi za hoteli zilikuwa kwenye mpango. Sasa Defender itamzuia nani hapo?

MWALIMU: Fundi, unachanganya ng'ombe na mbuzi. Jasusi wa serikali hununuliwa kwa fedha nyingi, akaelekezwa kwa watu wachache waliochaguliwa kwa majina. Mwandishi wa habari au wakili wa siasa anayemwogopa huyo anahitaji ushauri wa peke yake. Aliyemwibia kijana huyu hamjui hata jina. Mwaka 2014 polisi wa nchi nyingi walifanya msako dhidi ya Blackshades, programu iliyouzwa kwa dola 40. Dola arobaini tu, na mnunuzi aliweza kusoma faili zako, vibonye vyako, na kukutazama kwa kamera yako. Wamarekani walisema kompyuta zaidi ya nusu milioni ziliambukizwa, katika nchi zaidi ya 100. Unadhani hao nusu milioni wote walikuwa mawaziri?

MWANACHUO: Kwa hiyo mimi nilikamatwa kama dagaa, kwenye wavu wa kila mtu.

MWALIMU: Ndiyo, mwanangu. Sasa niambie ukweli. Juzi ulifanya nini kwenye mashine ile? Usiogope.

MWANACHUO: Nilichapa kazi. Nikatafuta mitihani ya miaka ya nyuma. Ukurasa mmoja ukaniambia nithibitishe kwamba mimi si roboti. Nikabofya kisanduku. Yakaja maelekezo: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Nikabonyeza. Kidirisha cheusi kikapita mara moja kikapotea. Mitihani yenyewe sikuipata.

Kimya. Hata fundi ameinua uso.

MWALIMU: Ulipobofya kile kisanduku, ukurasa ulinakili amri kimyakimya bila wewe kuiona. Windows na R hufungua mahali pa kuandikia amri. Ctrl na V hubandika kilichonakiliwa. Enter huitekeleza. Kwa vidole vyako umeiagiza mashine ya mama ikamlete jasusi kutoka huko aliko. Mtego huu umeenea sana tangu mwaka 2024. Hakuna tovuti ya haki inayohitaji ubonyeze vitufe hivyo ili kujua kama wewe ni mtu.

MWANACHUO: Lakini nina uthibitisho wa hatua mbili! Namba inakuja kwenye simu. Namba haikuja.

MWALIMU: Haikuja kwa sababu haikuhitajika. Ukiingia kwenye akaunti, kivinjari hupewa kidakuzi. Ni kama ule mhuri unaopigwa mkononi kwenye geti la ukumbi: ukitoka kununua maji ukarudi, hawakuulizi tiketi tena. Jasusi wa siku hizi haibi tiketi tu, anaiba na mhuri. Moja ya programu za namna hii inaitwa Lumma. Hukodishwa kwa malipo kama king'amuzi. Microsoft walisema waliikuta kwenye kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei 2025. Miezi miwili.

MAMA: Subirini. Mmesema nywila za kwenye kivinjari. Hii mashine ikiuliza kama ihifadhi nywila, mimi huwa nakubali. Ili mteja akirudi asisumbuke.

MWALIMU: Zipo ngapi humo, mama?

Mama hajibu. Anaelekeza kidole kwenye skrini. Katikati ya picha ya maua kuna folda imeandikwa WATEJA.

Nataka tusimame kwenye folda hii. Fundi na mwalimu wamebishana kuhusu leseni kwa nusu saa, na mzigo wenyewe ulikuwa umekaa hapa. Ndani yake kuna skani za vitambulisho vya NIDA, mbele na nyuma. Kuna vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne, picha za pasipoti zenye mandharinyuma ya bluu. Kuna faili moja ya Word yenye majina ya wanafunzi walioombewa mkopo wa elimu ya juu hapo dukani, na mbele ya kila jina barua pepe na nywila, kwa sababu msimu wa maombi watu husahau na mama huwasaidia kukumbuka. Kuna walioomba kazi serikalini kupitia meza hiyo hiyo. Mama hakuvihifadhi vitu hivi kwa nia mbaya. Amevihifadhi kwa huruma, mteja asije akarudi kutoka kijijini na kulipa skani mara ya pili.

Tunaiita kompyuta binafsi. Kompyuta ya steshenari ni binafsi kwa hati ya manunuzi tu. Kwa kilichomo ndani ni ya kijiji kizima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na asikae nazo kuliko inavyohitaji kazi iliyomfanya azikusanye. Wengi tunaisikia sheria hiyo tukafikiri ni ya benki na kampuni za simu. Namba ya NIDA iliyo kwenye folda ya mama ni ile ile iliyo benki.

MAMA: Hakuna aliyewahi kuniambia. Nilidhani naweka akiba.

FUNDI: Mama, samahani. Ile C nzima niliiandika mimi. Ilikuwa njia ya mkato. Basi tununue antivirus nzuri ya kulipia, nitaleta leo hii.

MWALIMU: Kabla hujalipa: Avast iliaminiwa na mamilioni ya watu, na kampuni yake tanzu, Jumpshot, ilikuwa ikiuza historia ya kurasa walizotembelea. Jumpshot ilifungwa Januari 2020 baada ya waandishi kuifichua, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Sisemi zote ziko hivyo. Nasema mlinzi mama anaye tayari, bure. Mwashe, umwachie afanye kazi.

FUNDI: Kumwasha tu hakutoshi hapa. Aliyekwisha ingia kaingia. Mimi siiamini mashine hii hata nikiisafisha. Nitachukua hati na picha peke yake, faili za kuendesha programu siigusi hata moja, halafu nafuta diski yote na kupiga Windows safi, ya kutoka Microsoft wenyewe.

Hapo fundi amesema neno la fundi kweli, na mwalimu anakubali mara moja. Jasusi akishakaa ndani, kusafisha ni kubahatisha.

MWALIMU: Na ukipiga, tengeneza akaunti mbili. Moja ya msimamizi, nywila yake aijue mama peke yake. Ya pili ya kawaida, ya wateja, isiyoweza kusakinisha kitu bila nywila ya kwanza.

FUNDI: Watanisumbua. Kila kitu kidogo wataita mama.

MAMA: Waniite. Nipo hapa kutwa.

MWANACHUO: Na mimi?

MWALIMU: Wewe usibadilishe nywila kwenye mashine hii, utakuwa unamsomea jasusi ile mpya. Tumia simu yako. Anza na barua pepe, kwa sababu akaunti nyingine zote zinarudishwa kupitia humo. Ukiipata, tafuta sehemu ya vifaa vilivyoingia, viondoe vyote, ndipo ile mihuri iliyoibwa inakufa. Halafu badilisha nywila. Halafu wapigie rafiki zako uwaambie, kwa sauti yako, wasitume tena pesa.

MAMA: Na hawa wote waliomo kwenye folda?

Swali hili lilipaswa kuulizwa kwanza, na aliyeliuliza ni mtu aliyesoma kidogo kuliko wote chumbani. Jibu lake ni gumu. Kuna wanafunzi wa kupigiwa simu mmoja mmoja, waambiwe kwamba nywila zao zimevuja na wabadilishe leo. Kuna skani za vitambulisho ambazo hazibadilishiki. Mama anachukua daftari la madeni, anafungua ukurasa mpya, anaanza kuandika majina.

Zamani nilikuwa upande wa wanaosema mtumiaji ndiye mwenye kosa: asingebofya, yasingetokea. Nimeuacha. Kijana alibonyeza vitufe vitano, ndiyo, lakini alibonyeza kwenye mashine ambayo mlinzi wake alikuwa amefungwa macho mwezi mzima, kijana mwenyewe akiwa ameingia kwa akaunti yenye ruhusa zote, karibu na folda ambayo haikupaswa kuwepo. Kosa la sekunde mbili limekuta makosa ya mwezi yakilisubiri. Ukiniuliza ni lipi zito zaidi, nasema ni lile la kuzima ulinzi, maana madhara ya mengine yote ulinzi huo ungeweza kuyazuia au kuyapunguza. Programu yoyote inayokutaka uzime ulinzi ndipo iingie, ichukulie kuwa ni mwizi. Usisubiri ushahidi mwingine.

Jambo moja limebaki, nami nalisema haraka. Mashine ya mama, kama nyingi zinazokuja kwetu zikiwa zimetumika, ina Windows 10. Msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Microsoft walitoa nafasi ya kujiandikisha kupata masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi. Mashine ikishindwa kubeba Windows 11, Ubuntu au Linux Mint zitaifufua bila malipo, na LibreOffice hupatikana bure kwenye zote mbili.

Wewe unayesoma, kama una kompyuta nyumbani au dukani, fanya jambo moja leo kabla hujaizima. Fungua ile ngao iliyo pembeni ya saa, uhakikishe ulinzi unawaka, kisha shuka mpaka kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Ukikuta humo kitu ambacho hukukiweka wewe, kiondoe, halafu mpigie aliyekiweka umuulize kwa nini.